Nyuki wa Baba na Sheria ya Amerika

Kosa nililofanya mapema, kabla sijajua kwamba ni kosa, lilikuwa kumwambia baba asihamishe mizinga yake ya nyuki.

Alikuwa akiihamisha kila mwaka. Kahawa ilipokaribia kuchanua, aliishusha kutoka kwenye miti ya mpakani mwa shamba letu, nje kidogo ya Othaya, akaipeleka kwa mjomba karibu na msitu wa Nyandarua. Ni magogo yaliyochimbwa ndani, mazito, na kila mzinga una alama ya ukoo wetu iliyochongwa kando ya tundu la nyuki. Kazi hiyo ilichukua alfajiri tatu au nne, mimi mbele na yeye nyuma, moshi ukituwasha macho. Tulifanya hivyo kwa sababu kahawa ikichanua majirani hupiga dawa ya wadudu, na dawa yenyewe haichagui mdudu.

Mwaka ule baba alikuwa na sababu kubwa zaidi. Kaka yangu alikuwa anaoa, na kwetu pombe inayopelekwa kwa wazazi wa msichana hutengenezwa kwa asali ya mizinga ya nyumbani. Asali ya dukani haipelekwi. Baba alikuwa amengoja siku hiyo tangu kaka akiwa mtoto.

Nikamwambia, "Baba, pumzika mwaka huu. Ile dawa imekwisha. Amerika wameipiga marufuku."

"Amerika ni mbali," akasema.

"Lakini dawa inatengenezwa huko. Wakiikataza, itatoka wapi?"

Akarudisha ukutani kamba ya kushushia mizinga. Aliniamini kwa sababu nilikuwa ninasoma.

Kusoma kwangu kuliishia darasa la saba. Kiingereza nilijifunza mwenyewe, kwa kamusi iliyong'oka kurasa za mwisho, na kwa msaada wa mwalimu wa kujitolea kutoka Amerika aliyefundisha miaka miwili katika shule ya harambee iliyo jirani nasi. Sikuwa mwanafunzi wake. Nilikuwa nikimpelekea maziwa asubuhi, naye akanizoea, akaanza kuniazima majarida. Alinisimulia jinsi yeye na wenzake, wakiwa vijana wa chuo, walivyobeba ndoo za samaki waliokufa hadi kwenye ngazi za ofisi ya gavana na kukataa kuondoka. Alinieleza habari za ndege ambao mayai yao yalipasuka kabla ya kuanguliwa kwa sababu ya dawa za mashambani. Aliongea Kiswahili cha polepole, akitafuta neno, na nilimpenda kwa hilo, kwa sababu mimi pia huongea hivyo ninapoogopa kukosea.

Aliporudi kwao alijiunga na ofisi ya wanaharakati wa mazingira katika mji mkuu. Tuliandikiana. Kila barua yangu niliinakili mara nne au tano. Doa moja la wino lilitosha kunirudisha mwanzo. Halafu ikaja barua yake fupi: wameshinda, serikali imekubali, dawa ile haitatumika tena. Alinitumia pia kijikaratasi kilichoeleza sheria mpya.

Nilikitafsiri jioni tatu mfululizo. Jumapili, baada ya ibada, niliwasomea watu waliosimama nje ya kanisa. Hakuna aliyeniomba. Nilifurahi mno kuona wazee wananyamaza ili wanisikie. Na hapa ndipo ninaona haya zaidi: kijikaratasi hakikusema neno lolote kuhusu nchi nyingine. Nililijaza pengo hilo mwenyewe. Mimi ninayeandika barua upya kwa sababu ya doa moja, sikujiuliza hata mara moja kama sheria hiyo inatuhusu sisi.

Mvua ikanyesha na kahawa ikachanua, kilima chote kikawa cheupe. Wiki hiyo hiyo nilipita kwenye stoo ya ushirika, ile tunayoiita sosaiti, nikakuta madebe mapya yamepangwa hadi dirishani. Niliyajua kabla sijasoma lebo. Mwenye stoo aliniona nikiinama kusoma.

"Wewe kijana wa Amerika," akasema, "si ndio ulituambia hii kitu imekatazwa?"

"Hii ni ya zamani. Ilibaki tu."

"Ya zamani? Imeshuka jana. Soma hapo chini, wewe ndio uko na Kingereza."

Nilisoma. Ilikuwa imetengenezwa Amerika, mwaka huo huo.

Mzee mmoja aliyekuwa amekuja na bomba lake la mgongoni la kupulizia dawa akacheka. "Ati wamekataa. Wamekataa kunywa wao. Sasa wametuletea sisi."

Wote wakacheka. Hata mimi nikacheka, kwa sababu sikujua uso wangu niufanye nini. Kisha nikakimbia nyumbani kumwambia baba, lakini nikiwa njiani tayari nilisikia pampu za mabomba katika mashamba mawili chini yetu.

Kesho yake asubuhi nyuki walikuwa wamelala chini ya miti kama makapi ya kahawa. Wengine walikuwa bado wanajaribu kutembea. Baba alichuchumaa akawa anawageuza kwa kijiti, mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Mizinga mitano ilikufa yote, na ya sita ikabaki na nyuki wachache ambao baadaye walihama.

Nikamdanganya. Nilisema mwenye stoo ni mlaghai, kwamba ameuza mabaki kwa siri. Baba akaacha kumsalimu yule mtu, mtu ambaye hakufanya lolote ila kupokea mzigo. Nikamwacha aendelee hivyo kwa miezi miwili nikingoja jibu kutoka Amerika, kwa sababu bado niliamini mwalimu ataeleza kwamba kuna mtu amevunja sheria.

Barua yake ilikuja, ndefu, nusu Kiswahili na nusu Kiingereza, nikaisomea posta. Hakuna aliyevunja sheria. Viwanda viliruhusiwa kuendelea kuitengeneza na kuiuza nje. Yeye na wenzake waliijua sehemu hiyo tangu mwanzo. Kama wasingeikubali, aliandika, kura zisingetosha, na ndege wao na mito yao ingeendelea kufa. Ilibidi wachague. Alisema alijua ningeelewa, kwa kuwa mimi ni mmoja wao. Mwishoni aliniomba nipige picha za mizinga na nyuki waliokufa, kwa ajili ya jarida lao, kwani sasa wanaanza kampeni ya nchi maskini.

Nitasema ukweli: kwa muda mfupi nilijisikia fahari kwamba wamehitaji picha zangu. Baadaye nikaketi chini pale pale kwenye ukumbi wa posta.

Nyumbani nilimsomea baba barua yote, nikikiri pia kuhusu mwenye stoo.

"Alijua alipokuandikia kwamba wameshinda?" akauliza.

"Alijua."

Baba akaelekeza kidole kwenye kiti kilicho karibu na mlango. "Aliketi hapo akala asali yangu. Nilimkatia sega zima."

Kisha akanigeukia, akasema, "Na wewe ulikuwa unaniambia kitu usichokijua."

"Ndiyo, baba."

Alikwenda Chaka siku ya soko akarudi na asali ya kununua. Pombe ilipelekwa, wakwe wakanywa wakaisifu, na mzee mmoja wa upande wao akauliza maua ya kwetu ni ya aina gani. Baba alijibu kwamba ni ya kahawa. Ni mara ya pekee ninayojua kwamba alidanganya mbele ya wageni, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwamiminia.

Mwalimu sikumjibu. Nilianza barua mara saba, na kila mara kosa halikuwa la wino.

Imepita miaka minne. Dawa ile bado inauzwa. Nilikwenda kwa mwenye stoo nikamwomba radhi, kisha kwa majirani, nyumba kwa nyumba, bila karatasi mkononi. Sasa siku ya kupiga dawa hutangazwa kanisani Jumapili inayotangulia, ili wenye nyuki wapate muda wa kuhamisha mizinga. Baba ana mizinga mitatu mipya. Huniuliza habari za mvua na za ng'ombe. Habari za Amerika haniulizi tena.