Alisema Laini, Hakusema Nyeupe

Kuna siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, ingawa ningeruhusiwa kusahau siku moja tu ya maisha yangu, ningechagua hiyo. Imenirudia asubuhi hii ulipoweka mfuko wako wa sponji mezani, saba, kila moja na rangi yake, ukaniuliza, "Mzee, kwa gari jeusi natumia ya rangi gani?" Niliendelea na chai yangu, ukadhani sijasikia. Nilisikia. Mashine ya kupolishi imenitetemesha mikono miaka yote, hata kikombe cha chai nakishika kwa miwili, lakini masikio bado yapo. Ngoja nikae vizuri.

Nilikuwa kijana wa gereji Singida mjini, chini ya Fundi Ntandu, Mnyaturu wa Mungaa, mtu wa maneno machache na mkono mwepesi. Alikuwa anang'arisha rangi ya zamani mpaka mwenye gari anajikagua ndevu kwenye boneti. Mimi mwaka mzima nilikuwa naosha na kupiga msasa tu, na roho ilikuwa inaniuma, maana nilijiona nimeshaiva. Ah, ujana! Mtu akishika mwiko tu anadhani amepika.

Wiki hiyo mwalimu mmoja mstaafu wa Kinampanda alileta pikapu yake nyeusi. Ilikuwa kuukuu, lakini aliitunza kama ng'ombe wa maziwa. Jumamosi ilikuwa imbebe binti yake, Eliwaza, kwenda kanisani kufunga ndoa. Mwalimu hakuwa na fahari nyingine ya kumpa mwanawe siku hiyo, na alituambia hivyo bila aibu. "Mafundi," alisema, "nataka aone sura yake humo."

Alhamisi asubuhi, hata hatujaanza kazi, Fundi Ntandu akaletewa habari ya msiba nyumbani kwao. Akavaa koti, akaniachia mashine. "Rangi ya gari hili ni nyembamba," akasema. "Anza na sponji laini. Ukingoni usipeleke mashine, tumia mkono." Akaondoka.

Sasa sikiliza kosa langu. Katika sponji zetu za zamani, nyeupe ndiyo ilikuwa laini, ya njano ngumu. Mwaka mzima nilimwona fundi akikata mikwaruzo kwa njano na kumalizia kwa nyeupe. Kwa hiyo alipotamka laini, mimi kichwani nikasikia nyeupe. Kumbe zile zilishachakaa, na wiki hiyo tulikuwa na mpya, za kiwanda kingine, na hao nyeupe yao ni ngumu kama kisigino. Sikuibonyeza hata kwa kidole. Kidole kimoja tu, mwanangu! Nikaifunga kwenye mashine, nikapaka dawa ya kung'arishia, nikawasha, nikaanza na kuimba.

Boneti ikang'aa, kiburi kikanipanda. Nikakandamiza. Nikaenda mpaka ukingoni, palepale nilipokatazwa, maana mashine inakwenda vizuri na nani wa kuniona? Nilipoiinua, ukingo wa boneti ulikuwa na mstari wa kijivu, mrefu kama kiganja. Rangi nyeusi yote imeliwa, imebaki ile ya chini. Maji yakimwagika hayazoleki.

Lakini hata hapo nilikuwa na nafasi. Mwalimu alikuwa anakuja kesho yake, ningemwambia tu. Badala yake nikachukua kopo la dawa nyeusi ya viatu, nikapaka, nikasugua kwa kitambaa. Pakakubali! Hata mimi mwenyewe nikapatafuta nisipaone. Ijumaa mwalimu akajitazama kwenye boneti, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Asante sana, kijana wangu." Nikamjibu "Karibu tena, mwalimu," macho yangu yakiwa kwenye matairi.

Jumamosi jua liliwaka. Baada ya ibada bibi harusi akaambiwa aegemee boneti apigwe picha. Dawa ya viatu ikipata joto inayeyuka, wewe unajua. Alipoinuka, gauni jeupe lilikuwa na doa jeusi kwa nyuma, na gauni lenyewe lilikuwa la kuazima. Wapo waliocheka. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Ila mimi kilio changu kilimuumbua mtu mwingine.

Fundi Ntandu aliporudi Jumatatu, habari zilishamfikia njiani. Kwa kawaida akikasirika alihamia Kinyaturu, nasi tunajua kelele hiyo itapita. Siku ile alibaki kwenye Kiswahili, polepole, nikajua nimekwisha. Akashika kidole changu cha shahada, akakibonyeza kwenye sponji mpya nyeupe, kisha kwenye mpya ya njano. Nyeupe ilikataa. Njano ilizama.

"Nilikuambia nini?"

"Nyeupe, fundi."

"Nilisema laini. Nyeupe ulijiambia mwenyewe." Akauachia mkono wangu. "Hilo la sponji ni ujinga, nitakufundisha. Hilo la dawa ya viatu sina sponji ya kuliondoa. Nenda Kinampanda."

Nikapanda basi kesho yake. Nilijiandaa kwa matusi, hata kwa fimbo. Nikaelekezwa nyumbani kwa mume wa Eliwaza, nikamkuta Eliwaza uani, bibi harusi wa siku tatu, anafua lile gauni, sijui kwa mara ya ngapi. Nikapiga magoti. "Dada, aliyepaka ile dawa ni mimi. Nisamehe."

Hakunitukana. Aliendelea kusugua, kisha akasema bila kuniangalia, "Ungeniambia tu, kaka. Nisingeegemea."

Basi. Magari niliyong'arisha tangu hapo siwezi kuyahesabu, na hakuna hata moja lililolifuta neno hilo. Wakati mwingine nakuwa nimechoka hoi, nimejilaza, nalisikia tena. Doa halikutoka, niliambiwa baadaye.

Kwa hiyo usiniulize rangi, mwanangu. Kila kiwanda kina rangi zake, na sponji haisomi. Funga macho, bonyeza kwa kidole, anza na inayozama. Isipotosha ndipo upande kwenye ngumu, maana laini ukikosea unarudia kazi, ngumu ukikosea hakuna kurudi. Ukingoni weka mashine chini. Na mtu akikuelekeza, shika neno alilosema, usishike lile ulilozoea. Kuuliza si ujinga.

Hayo ni ya sponji, utayazoea. Lile la dawa ya viatu ndilo lililonifanya nikuweke hapa muda wote huu. Lete huo mkono wako. Mungu akupe riziki ya halali na kidole chenye kusikia. Na siku utakayoharibu, maana utaharibu tu, akufungue kinywa mapema, kabla mtu hajaegemea.