Jusi ya Marakuja Wodi ya Figo

"Mgonjwa wako akipona, unataka akukumbuke?"

Mwalimu wangu aliniuliza hivyo ofisini kwake. Nilikuwa muuguzi niliyerudi chuoni kusomea uzamili, na kabla ya Ijumaa ilinibidi nichague tawi moja: watoto wachanga au figo. Nikamuuliza swali lake linahusiana vipi na figo. Akacheka. "Nenda ukakae wodini, huku na huku. Halafu uchague."

Mama yangu, aliyekulia Tanzania na sasa anauza vitambaa Muhima, mtaa wa jijini kwetu, alikuwa ameshaamua.

"Watoto wachanga, mwanangu. Wazazi watakuletea zawadi."

"Na wenye figo?"

"Wenye figo wana maswali. Na wewe yako yanatosha."

Kwa watoto wachanga nilipapenda. Chumba kina joto, akina mama wamewafunga watoto kifuani kwa kitenge, hakuna anayepaza sauti. Lakini kila nilichotaka kujua nilikisoma kwenye mashine. Mtoto asiyefika kilo mbili huwezi kumhoji.

Wodi ya figo alikuwa amelazwa mama mmoja mfanyabiashara aliyekulia Bujumbura. Dada yake mkubwa alishinda naye, akimwogesha na kumlisha, maana kwetu kazi hiyo ni ya ndugu. Mgonjwa alisafishwa damu kwa mashine, na alikatazwa kunywa sana, hasa jusi ya marakuja, yaani pesheni, kwa sababu ina madini ya potasiamu, na ikizidi kwa mtu kama yeye moyo unaweza kusimama. Hata hivyo, kila majibu ya vipimo yalipokuja, potasiamu ilikuwa juu. Daktari alisema ni mkaidi. Sikuridhika. Nikavuta kiti karibu na mgonjwa.

"Mama, jusi unapewa na nani?"

"Wageni, muganga." Hapa kila aliyevaa koti jeupe ni muganga, yaani daktari.

"Si ukatae?"

Alinitazama kwa huruma. "Nikatae kinywaji cha mtu? Atasema namshuku kunitilia sumu."

"Tena anamaliza chupa," dada akasema, "ili waone."

Hilo halikuwa katika masomo yangu, ingawa nimelelewa nalo. Anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele yako. Akishaonja, ukikataa ni kama umemshtaki. Nikapendekeza hivi: mgonjwa aipokee jusi kwa mikono miwili, ashukuru, kisha ampe dada yake ainywe palepale, wageni wakiona.

"Yaani mimi niwe tumbo lake," dada akasema.

"Si unalo la kutosha watu wawili," mgonjwa akajibu.

Mchana wageni walikuja na chupa yao. Dada akanywa yote, akajifuta mdomo, akawashukuru. Hakuna aliyenuna. Katika vipimo vilivyofuata, potasiamu ilikuwa imeshuka, na mgonjwa akanidai nimsifu.

Nilimwambia mwalimu nimechagua figo. Mama yangu alisema alijua nitambishia, akanikatia kitambaa cha gauni la kuanzia kazi. Sijawahi kujuta.

Miaka mingi baadaye, mmoja wa wageni wale alikuja kliniki yangu, tukakumbushana. Akaniambia kwamba tangu mwanzo walijua mgonjwa amekatazwa jusi. Walikuwa wakimletea dada yake, aliyeshinda pale bila kula. Mgonjwa alipoipokea yeye na kuinywa, waliona aibu kumwambia si yake.