Uji wa Kalekye

Kuku ndio waliotoboa siri ya Kalekye. Kila asubuhi walikuwa wanakusanyika chini ya dirisha la chumba chake, wanangoja, hadi siku moja Ndila, mke wa mwanawe Musyoka, akapita hapo akaona uji unateremka ukutani.

Hakupiga kelele. Aliingia akamkuta mama mkwe ameshika bakuli tupu, anapangusa mdomo kwa leso kama mtu aliyeshiba.

Kalekye alikuwa mwanamke wa jembe. Matuta yote yanayoshuka kutoka nyumba yake mpaka mtoni, huko Nunguni, aliyachimba na wenzake wa mwethya, kile kikundi cha wanawake kinacholima leo kwangu, kesho kwako. Alizika mume, akalea watoto, na mgongo haukuinama. Halafu akaanza kuona damu chooni, akanyamaza, akafikiri ni mambo ya uzee. Alipopelekwa hospitali, walimkata kipande cha utumbo mpana kilichokuwa na saratani, wakamtoboa tundu tumboni la kutokea choo, na juu ya tundu wakabandika mfuko wa plastiki.

Mfuko wenyewe haukuuma. Shida ni kwamba ulijaa wakati wowote ulipotaka, tena ulikuwa na sauti. Mara ya kwanza ulilia kanisani, katikati ya maombi, na mtoto wa benchi la mbele akageuka kumtazama. Kalekye hakurudi tena huko. Alikaa na jambo hilo peke yake, akapata jibu lake: kisipoingia kitu, hakitatoka kitu.

Lakini daktari alikuwa amesema wazi. Bado kulikuwa na dawa ya dripu ya kumaliza ugonjwa uliobaki, na dawa hiyo ni kali, hapewi mtu aliyekonda. Ale kidogo kidogo, mara nyingi, na anywe maji.

"Mwaitu," Ndila alisema, maana ndivyo alivyomwita mama huyu kwa Kikamba, "unalisha kuku uzima wako."

"Wacha wanenepe. Mtawachinja mkinizika."

Ndila alienda kulilia jikoni. Jioni akapanda kwa Katunge, kiongozi wa mwethya, akamweleza yote. Katunge hakutoa ushauri. Alisema tu kwamba zamu ya shamba la Kalekye imefika.

Wanawake wakaja na majembe, wakarudishia matuta yaliyobomolewa na mvua. Kalekye aliwatazama kutoka kwenye kiti, amejifunga leso mbili tumboni kuzima sauti ya mfuko. Alijua kinachokuja. Katika mwethya wao hakuna anayeonja kitu kabla mwenye shamba hajaonja. Akikataa, ni kama amewafukuza, na wataondoka na njaa. Yeye mwenyewe aliwahi kumkaripia bibi harusi mmoja kwa kosa hilo.

Kibuyu cha uji kikawekwa mikononi mwake. Wanawake walikaa chini, matope hadi magotini, wakingoja. Hakuna aliyemhimiza. Akanywa. Akanywa tena, kwa sababu njaa ilikuwa imemshika bila ruhusa yake.

Kabla kibuyu hakijazunguka, mfuko ukalia. Sauti ndefu, ya wazi. Kalekye akainamisha kichwa.

"Mama Musyoka," Katunge akasema, huku akipokea kibuyu, "miaka yote hii unakaa kwa mkutano bila kuchangia neno. Leo angalau umeongea."

Mmoja akacheka kwa pua, halafu wote, na Kalekye naye, akishikilia mshono uliomuuma.

Tangu siku hiyo kuku walingoja bure. Lakini mwili haurudi kwa haraka ile uliyoondokea. Siku ya kliniki Kalekye alipanda mizani na sweta mbili na gambuti za shamba, na daktari akamwomba kwa upole avue. Mshale ulipotulia, daktari aliandika uzito, bado mdogo. Dawa ingebidi ingoje. Ndila akauliza kama ugonjwa nao utangoja, na daktari akasema hawezi kumdanganya.

Walipofika nyumbani Kalekye hakwenda kulala. Alikaa jikoni karibu na moto, akafungua leso moja, akashika bakuli lake.

"Weka," alisema.

Ndila akaweka. Kalekye alikunywa polepole, hadi mwisho, kisha akamnyooshea Ndila bakuli tena.