Rotwaila wa Malaba

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Amagoro, Bwana Daktari hakuniuliza jina langu wala chuo nilichotoka. Alinitazama miguu. "Hizo sandali ni za kanisani," alisema. "Leo tunachanja mbwa." Akanitolea gambuti za mtu aliyekuwa amehamishwa, pana kama madebe, nami nikaziburuta hadi uwanja wa shule tulikokuwa tumetangaza chanjo ya kichaa cha mbwa.

Yeye alikuwa afisa wa mifugo wa eneo lote lile, daktari kamili mwenye shahada. Mimi nilikuwa msaidizi wa afya ya mifugo, mwenye cheti tu. Wananchi hawakujali tofauti hiyo. Yeyote aliyebeba kasha la barafu lenye chupa za chanjo aliitwa daktari. Kwetu ni Samia, na Kiteso sikukijua zaidi ya salamu yao, "yoga". Lakini kabla ya saa sita nilikuwa nimejifunza neno "ekingok", yaani mbwa, kwa sababu mbwa walikuwa wengi na kila mtu alikuwa akimpigia kelele wake.

Walioleta mbwa walikuwa watoto. Waliwaleta kwa kamba za katani, kwa mishipi ya baba zao, kwa vipande vya leso. Mbwa mmoja alikuja amelala ndani ya wilbaro kama mgonjwa wa kweli. Hapo nilijifunza jambo ambalo chuoni hawakunifundisha: kabla ya kumtazama mbwa, mtazame aliyemleta. Mbwa wa mtoto hushikwa na mtoto yule yule. Anapiga magoti, anamkumbatia shingo, anamnong'oneza upuuzi fulani sikioni, na sindano inaingia chini ya ngozi ya bega kabla mnyama hajakumbuka kukasirika. Mbwa aliyevutwa na mtu mzima kwa waya, huyo ilibidi tumtolee fimbo ya kitanzi, mti mrefu wenye kamba ya kukaza kwenye ncha, na kwa siku hiyo urafiki uliishia hapo.

Mbwa wa matajiri hawakuletwa kabisa. Hao tuliwafuata nyuma ya mageti ya Malaba, kwenye yadi za malori na maghala ya mahindi: rotwaila, mbwa wa Kijerumani, na machotara wenye vifua kama magunia. Na hapo ndipo ubishi wetu ulipoanzia, mimi na Bwana Daktari, ubishi uliodumu kuliko ndoa nyingi ninazozijua.

Yeye alishikilia kwamba ukali wa mbwa ni damu. "Nabwire," angeniambia tukiwa juu ya pikipiki ya ofisi, akigeuza kichwa upepo ukimnyang'anya maneno, "wewe unampandisha ng'ombe wa mama wa watu kwa mrija, mbegu ya gredi, na unamwahidi maziwa. Kwa nini? Kwa sababu ya damu! Sasa ng'ombe awe na damu, mbwa asiwe nayo?"

Ni kweli tulikuwa tukiuza damu. Kupandisha kwa mrija ni kumtia ng'ombe wa kienyeji mbegu ya dume la gredi, la jamii ya kigeni, bila dume kuwepo, na ndama huzaliwa akiwa na umbo na maziwa ya ukoo wa baba asiyejulikana pale kijijini. Ilinichukua mizunguko mingi ya Amagoro na Chakol kupata jibu langu. Nililipata katika zizi la mzee mmoja aliyekuwa na ng'ombe wa gredi mbavu nje, anayetoa maziwa yasiyojaza kikombe. Nikamwambia Bwana Daktari: "Damu iko hapa. Majani je, yako wapi?"

Alicheka hadi akashika mti. Lakini hakukubali.

Majani ya mbwa, kwa maneno yangu, ni watu. Na mbwa wale wa mageti walilishwa watu gani? Wenye yadi waliamini kwamba mbwa akizoea watu si mbwa tena. Alifungiwa bandani tangu akiwa mdogo. Mgeni hakuruhusiwa kujua jina lake. Mchana kutwa alisikia trela zikipumua, turniboi, wale wasaidizi wa madereva, wakitukanana, wachuuzi wakipita, na hakumwona hata mmoja wao, maana banda lilizibwa kwa mabati. Wengine walimchanganyia pilipili katika ugali. Wengine walichoma kiota cha nyigu na kumvutisha moshi wake, wakisema hasira ya nyigu itamwingia. Nilimkuta mmoja baada ya dawa hiyo, macho yamevimba, akipiga chafya. Mwenyewe akajivuna: "Unaona, daktari? Ameshaanza kukasirika." Nikamwambia, "Hata wewe ungekasirika, boss."

Komanda alikuwa mbwa wa namna hiyo. Rotwaila halisi, mweusi mwenye nyusi za kahawia, wa yadi moja ya malori kule Malaba. Adhuhuri moja trela iliingia, geti likiwa wazi na komeo la banda halikuwa limesukumwa hadi mwisho. Mama Amoit, mjane wa Chakol aliyekuwa akiwauzia madereva chai na mandazi pale yadini, alikuwa anavuka na birika lake. Komanda alimuuma paja.

Tulipofika tulimkuta ameketi juu ya tairi, mguu ukioshwa kwa sabuni na maji ya bomba. Hilo ndilo jambo la kwanza, vijana, lishikeni hata mkisahau mengine yote: jeraha la mbwa huoshwa sana, kwa maji yanayotiririka, mpaka mkono wa anayeosha uchoke, halafu moja kwa moja hospitali kwa sindano. Mama Amoit hakulia. Alikuwa akitukana.

"Mahali aliponishika huyu," alisema, "hata marehemu mume wangu aliomba ruhusa."

Madereva walicheka, lakini mwenye yadi hakucheka. Alikuwa amekwisha kutuma mtu atafute panga na kamba. "Ameonja damu ya mtu. Ameharibika," alisema. "Nitaleta mwingine, mkali zaidi lakini mwenye akili."

Nikasimama mbele ya banda, Komanda akiwa amekwisha kurudishwa ndani. Nilieleza kwamba mbwa aliyeuma hafai kuuawa siku ile ile. Anafungiwa na kuangaliwa siku kumi, na akibaki mzima basi hakuwa na kichaa alipouma. Ukimwua leo, umemwua shahidi wa huyu mama. Mwenye yadi akamtazama Bwana Daktari, akitarajia mkubwa anikanushe.

"Siku kumi atakaa," Bwana Daktari alisema. "Ya kumi na moja tutaamua. Na Nabwire, usijidanganye. Kama ni mzima, bado ni yule yule."

Askari wa yadi alikataa kumlisha. Basi kila alasiri nilikwenda mwenyewe, nikaondoa mabati ya upande mmoja ili mbwa aone nje kupitia wavu wa chuma. Siku ya pili nilimkuta Mama Amoit pale, ametoka kudungwa sindano, amekalia kibao chake, mguu umenyooshwa.

"Nimekuja kumwona mkwe wangu," alisema.

"Mama, nenda ukapumzike."

"Nipumzike vipi na huyu hajui hata jina langu? Miaka yote hii napita hapa na chai, ananinusa tu kupitia bati. Wewe ungejuaje kama mimi ni mama au ni mwizi?" Akamgeukia mbwa. "Mimi ni Amoit, mjinga wewe. Amoit! Mama wa mandazi."

Komanda alinguruma hadi wavu ukatetemeka. Mama Amoit akamega andazi, akalisukuma chini ya wavu kwa kijiti. Halikuguswa. Kesho yake alirudi. Alimsimulia habari za bei ya unga, za mwanawe aliyehamia ng'ambo, Uganda, na asiyepiga simu, za padri mpya anayehubiri mpaka chai inapoa. Alimtukana kwa Kiswahili na kwa Kiteso. Kabla ya siku zile kwisha, Komanda alikuwa akisimama anaposikia kandambili zake, na mkia wake mfupi, ule walioukata akiwa mdogo ili aonekane mkali, ulikuwa ukitikisika kama kidole.

Siku ya uamuzi tulikuwa watu wengi: chifu, mwenye yadi, madereva, sisi wawili. Mbwa alikuwa mzima. Mama Amoit aliingiza mkono wake kwenye upenyo wa mlango, Komanda akaulamba. Nilimtazama Bwana Daktari kwa ushindi, nakumbuka, ushindi usio na haya.

"Ondoka hapo, mama," alisema kwa upole. Kisha akasogea yeye.

Sijawahi kusikia mlio kama ule. Komanda aliruka, meno yakagonga chuma mbele ya uso wa Bwana Daktari, na chifu akajikuta nyuma ya dereva mmoja. Bwana Daktari hakurudi nyuma. Alikuwa amekodoa macho, akilichunguza lile taya.

"Umeona, Nabwire? Amempenda mtu mmoja. Hajapenda watu. Mbwa wa kienyeji akikosea, tunashona. Huyu akikosea kwa mtoto, tunazika."

Lilikuwa neno la kweli, na nililijua.

"Basi mniuzie kamba yake tu, naye nimchukue," Mama Amoit akasema. "Nyinyi wasomi mnabishana, na huyu anataka kwenda nyumbani."

Bwana Daktari alilikagua komeo la banda, akalisukuma hadi mwisho. "Sitamwua," alisema mwishoni. "Lakini usiniambie ni kondoo. Utamjengea ua wa seng'enge, nguzo za chuma, na mimi mwenyewe nitakuja kuutikisa. Barabarani avae kifunga mdomo. Na mtoto asiachwe naye peke yake, hata wa kwako, hata dakika moja."

"Na jina?" mama aliuliza.

"Jina?"

"Watu wajue jina lake?"

Bwana Daktari akanitazama, akatabasamu kidogo. "Wajue," alisema. "Hapo Nabwire ameshinda."

Baadaye nilihamishiwa Bumala, kisha Busia mjini, chini ya wakubwa wengine ambao walikuwa waungwana lakini hawakujua kubishana. Huko nilishona miguu mingi iliyoumwa na mbwa wadogo wa kienyeji ambao hakuna aliyewahi kuitisha baraza juu yao. Niliona pia, mara moja, kazi ya taya kubwa, na sitaieleza hapa. Siku hizi nimestaafu na vijana bado wananipigia simu: "Daktari, ni aina gani isiyo hatari?" Huwauliza nani atakaa naye mchana. Wakinyamaza, huwaambia wanunue kufuli.

Komanda aliishi Chakol mpaka akawa na mvi midomoni. Hakuuma tena mtu. Bwana Daktari alikwenda kila msimu kuutikisa ua ule, hata baada ya yeye kustaafu, na kila mara Komanda alimngurumia, naye akaridhika.

Komanda alipokufa, Mama Amoit alituita sote wawili. Tulimkuta amemlaza kwenye gunia safi kivulini mwa jiko. Bwana Daktari, ambaye wakati huo alikuwa akitembea kwa mkongojo, aliinama kwa shida, akaweka kiganja juu ya lile taya na kukiacha hapo. Mdomo ulikuwa wazi kidogo. Aliushusha taratibu mpaka meno yakafunikwa.

"Taya hili, Nabwire," alisema.

"Mzee," Mama Amoit akamwambia, "leo ndio unamsalimia?"

"Leo ndio ameniruhusu."

Tulimzika nyuma ya migomba. Wakati wa kuondoka nilimpa Bwana Daktari mkono wangu aushike, lakini aliuacha kwanza. Alienda hadi kwenye ua uliokuwa mtupu, akashika nguzo ya kona kwa mikono miwili na kuitikisa kwa nguvu zake zote.

"Bado?" Mama Amoit aliuliza kutoka mlangoni.

"Bado imara," alisema, akanipa mkono twende.