Gari Lililonikataa

Gari lilianza kutetemeka wiki ile ile niliyorudi barabarani, na watu wa mume wangu hawakuhitaji fundi wa kuwaeleza sababu. Walikuwa nayo tayari. Gari limenikataa.

Nieleze mambo yalivyokuwa, maana ukinisikia nikifoka bila kujua chanzo utadhani nilizaliwa na hasira. Mimi ni Mkuria wa Ntimaru. Niliolewa kwa Wajaluo, ziwani, nje kidogo ya mji wa Homa Bay, na huko hakuna aliyewahi kujisumbua kujua jina langu. Waliniita Nyar Kuria, yaani binti wa Kuria, tangu siku ya kwanza mpaka leo. Mume wangu na mimi tulikuwa na gari kuukuu lenye buti refu, tulilolinunua kwa jasho la ndizi. Yeye aliendesha tukienda, mimi niliendesha tukirudi. Tulichukua ndizi na maharage huko kwetu, Ntimaru na Kegonga, tukauza Homa Bay. Alipougua akafa, nilibaki na watoto wetu na gari hilo. Shamba lilikuwa la ukoo, na hata nyumba ilisimama juu ya ardhi ya ukoo. Kitu pekee ambacho kingewalisha watoto wangu bila mimi kumpigia mtu magoti ni lile gari.

Mila ya pale ilinitaka nitulie nyumbani kipindi chote cha maombolezo, nisiende sokoni wala kwa majirani. Nilitulia. Gari nalo likatulia, matako yake ukutani na pua yake ikielekea kivulini, mahali ndugu wa mume wangu alipozoea kukaa akishona nyavu zake. Huyu shemeji ni mvuvi. Maombolezo yalipoisha alikuja na ombi lake la kunirithi, na mimi nikamkataa mchana kweupe, mbele ya wake zake wawili. Nadhani ndipo walipoona kwamba ikiwa mjane hataki kurithiwa, basi angalau gari lirithiwe.

Safari ya kwanza niliyoifanya peke yangu, gari lilikwenda vizuri mpaka nilipoingia barabara kuu. Mshale wa spidi ulipogusa themanini, usukani ukaanza kutikisika mikononi mwangu kama ungo wa mtu anayepepeta mtama. Kwenye tisini mtikisiko ukapanda mpaka mabegani. Nikipunguza, unaisha. Nikiongeza, unarudi. Safari iliyofuata shemeji aliomba nimfikishe Migori akanunue nyuzi, na kwa upumbavu wangu nikampakia. Aliutazama usukani ukicheza, akatabasamu njia nzima.

"Nyar Kuria," aliniambia tukifika, "hii gari imekukataa. Brother hataki mwanamke kwa steringi yake."

Maneno hayo yalifika nyumbani kabla yangu. Jumapili iliyofuata niliitwa mbele ya baba mkubwa wa marehemu, mzee wa kanisa na mwenye sauti ya mwisho katika boma lile. Aliniambia nisimame, ingawa viti vilikuwepo.

"Sisi si watu wa ushirikina," alisema. "Lakini gari haiwezi kutingika bure. Jumapili ijayo mimi mwenyewe nitaingia ndani. Tutaenda mpaka Rongo na spidi. Ikitingika, ufunguo utapatia shemeji yako. Isipotingika, gari ni yako, na hakuna mtu atakusumbua."

"Umesema, baba?"

"Nimesema."

Watu wote waliokuwepo walimsikia. Nikashika neno lake kama nilivyoshika mkoba wangu, nikatoka.

Fundi wa kwanza nilimwendea hapo hapo Homa Bay. Alizunguka gari mara moja, kisha akamuuliza mwanamke jirani niliyekuwa nimempa lifti, "Mwenye gari ako wapi?"

"Amezikwa," nilimjibu mimi. "Ongea na mimi."

Hakuongea na mimi. Aliongea na gari, akilala chini yake akilisengenya, kisha akabadilisha tairodi zote mbili, vile vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu. Nikafika Rongo, themanini, ungo ule ule. Wa pili alikuwa Migori. Yeye alinibadilishia bushi, zile raba za chini ya gari, akataka pia kugusa shoki, na nilipomrudishia gari likiwa bado linatetemeka, alifuta mikono kwa kitambaa bila haraka.

"Mama, hiyo ni barabara tu. Wewe ni mama, kwani unakimbilia wapi? Enda sitini."

Nilimuuliza ni barabara gani inayoharibika ukifika themanini na kupona ukirudi sitini. Akaniambia nina mdomo. Nikamwambia ninao, na sikuupata kwake. Niliondoka pale nikiwa nimekasirika mpaka masikio yanapiga kelele, na nashukuru, kwa sababu mimi nikikasirika vizuri ndipo akili yangu inapofanya kazi. Nikiwa na huzuni sifai kitu.

Kutoka Migori kurudi nyumbani nililichunguza gari lile kama mshitakiwa. Nilifika tisini, nikakanyaga breki polepole. Mtikisiko haukuzidi, kwa hiyo si breki. Nikatoa gia, nikaliacha liteleze lenyewe kwenye mteremko. Usukani ukaendelea kucheza, kwa hiyo si injini. Kisha nikasikiliza mwili wangu. Mikono ilikuwa inatikisika, lakini kiti kilikuwa kimetulia tuli. Basi ubaya uko mbele. Niliegesha kando ya barabara, nikashusha jeki na spana, nikaanza kuhamisha magurudumu, ya mbele nikayapeleka nyuma na ya nyuma nikayaleta mbele. Vijana wa bodaboda walisimama kunitazama. Hakuna aliyenisaidia, na wote walikuwa na ushauri.

Nikaondoka tena. Themanini. Tisini. Usukani ulikuwa kimya kama mtoto aliyeshiba, lakini sasa kiti kilikuwa kinatetemeka chini yangu. Nilicheka peke yangu ndani ya gari, kicheko kibaya. Kama marehemu ndiye aliyekuwa hanitaki kwenye usukani, basi alikuwa amehamia buti. Ubaya ulikuwa ndani ya magurudumu yenyewe, na ulikwenda popote yalipokwenda.

Nyumbani niliyaosha magurudumu yote kwa brashi, nikachuchumaa kuyatazama. Kwenye yale mawili yaliyokuwa nyuma zamani, ukingo wa rimu ulikuwa umebanwa vipande vidogo vya risasi, yale madini mazito ya kijivu. Navijua. Nilikuwa nimesimama Migori siku ambayo mume wangu alipeleka magurudumu kusawazishwa, kabla hajaugua. Mashine inalizungusha gurudumu, inaonyesha upande gani ni mwepesi, fundi anagonga kipande cha risasi upande huo mpaka lizunguke sawasawa. Bila vipande hivyo, ukienda polepole huoni kitu. Ukikimbia, gurudumu linaruka-ruka. Kwenye yale mawili mengine hapakuwa na risasi. Palikuwa na alama safi mahali zilipokuwa zimekaa, na mikwaruzo ya bisibisi.

Sasa nani anahitaji risasi? Katika mji mwingine ningejiuliza sana. Kando ya ziwa hakuna cha kujiuliza. Wavu hauzami wenyewe. Kamba yake ya chini lazima iwe na uzito, na wavuvi wa pale hawapiti kitu kidogo kizito wakakiacha.

Asubuhi nilishuka ufukoni. Shemeji alikuwa na wenzake wawili wakikunja nyavu. Sikumsalimia. Niliishika kamba ya chini, nikaivuta mpaka nikaziona risasi, zimepigwa nyundo kuizunguka kamba, baadhi bado na klipu zake za chuma na namba zilizochapwa za uzito.

"Hizi umetoa wapi, shemeji?"

Hata macho hakuyateremsha. "Kwa gari."

"Gari gani?"

"Ya brother. Ilikuwa imekaa tu pale, haiendi mahali. Kwani kitu ya brother ni ya nani?"

"Ni kukosa hizi inafanya itingike. Ulizitoa mbele, na ni mbele inatingika."

Wenzake waliangua kicheko. Yeye akacheka nao. "Yawa! Kakitu kadogo hivi katingishe gari mzima? Nyar Kuria, tafuta uwongo ingine."

"Mwambie mzee ulizitoa."

"Mwambie wewe. Mimi najua tu gari imekukataa."

Niseme ukweli. Siku alipozing'oa huenda hakujua kitu. Aliona risasi, akaona wavu wake, mikono ikafanya kazi bila yeye. Hilo ningemsamehe. Lakini kuanzia asubuhi ile alijua, maana nilimweleza mpaka mwisho, jinsi gurudumu linavyozunguka na kwa nini linaruka, na aliacha kucheka kabla ya wenzake. Kisha akapanda nyumbani akaendelea kuwaambia watu kwamba marehemu ananikataa. Hilo sijamsamehe, na sina mpango.

Mzee nilimweleza jioni. Alinisikiliza akitazama ng'ombe. "Jumapili nitaona," alisema.

Ijumaa nilipeleka magurudumu yote manne Migori, kwa mtu mwenye mashine. Aliniuliza kama ningependa kusubiri kwenye kiti pale nje. Nikamwambia nitasubiri hapo hapo, karibu na nyundo yake. Kila gurudumu nilitaka nione mwenyewe mashine ikisoma sifuri pande zote mbili, na moja nilimrudisha nalo mara mbili, akasonya. Nilimwacha asonye.

Jumapili mzee alikuja na suti yake ya kanisani na fimbo. Alikaa mbele, shemeji akakaa nyuma. Nilizikuta nguo zangu zimelowa jasho kabla sijawasha injini. Nilikuwa naogopa. Kama nimekosea hesabu, kama kuna kitu kingine ambacho sikukiona, ningerudi nyumbani nikiwa abiria, na kuanzia siku hiyo watoto wangu wangekula kwa hisani ya mtu aliyening'olea risasi.

Sabini. Themanini. Mzee aliweka kiganja chake juu ya dashibodi, kama mtu anayepima homa. Tisini. Shemeji alikuwa ameinama katikati ya viti akiutazama usukani, nilisikia pumzi yake sikioni. Nilienda mpaka mia moja, nikatoa mkono mmoja, nikauacha usukani ukae kwenye vidole viwili. Haukucheza. Mzee akanyoosha mkono wake mwenyewe, akaushika, akauachia. Shemeji akarudi nyuma taratibu akaegemea kiti. Niliendesha hivyo mpaka Rongo, nikaegesha kwenye petroli stesheni.

"Kweli," mzee alisema, "haitingiki."

"Ndiyo, baba."

Aliligeukia gari, akatazama viti, akatazama paa, akagonga mlango kwa kifundo cha kidole.

"Hii gari ni nzuri sana," alisema. "Sikujua bado iko hivi. Gari nzuri namna hii haiwezi kuachiwa mwanamke, itaharibika. Geuza turudi. Tutaongea vile utapatia shemeji yako ufunguo."

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Nilikuwa nimepoteza wiki nzima nikitafuta ubaya kwenye tairodi na bushi. Likitikisika, limemkataa mwanamke. Likitulia, ni zuri mno kwa mwanamke. Nilitegemea hasira ije na moto kama kawaida yake, lakini siku hiyo ilikuja na baridi, na mikono yangu ikawa imetulia kuliko usukani.

Niliwasha gari. Badala ya kugeuza, nikakata kulia, barabara ya Migori.

"Nyumbani ni nyuma," mzee alisema.

"Kesho ni soko, baba. Watoto wa mtoto wako wanakula kwa ndizi za Kegonga. Funga mshipi."

"Nyar Kuria, simamisha gari!"

"Ulisema neno mbele ya watu. Ukitaka kulirudisha, utalirudisha mbele ya watu, si hapa petroli stesheni."

Alipiga fimbo yake sakafuni. Shemeji aliniita majina ambayo mzee wa kanisa hakupaswa kuyasikia, na mzee wa kanisa hakumkemea. Niliendesha tisini, si zaidi si pungufu. Ningependa kusema kwamba sikuona haya. Niliona. Nimelelewa nisiwajibu wazee. Lakini sikuondoa mguu.

Kegonga wanaonifahamu walishangaa kuona nimekuja na wakwe. Wakampa mzee kiti na soda, wakamwamkia kwa heshima zote, na akalazimika kutazama jinsi ninavyochagua mikungu, ninavyokataa iliyovunjika, ninavyobishana. Kupakia ni lazima kulaza kiti cha nyuma. Nilimwambia shemeji achague, alale juu ya ndizi au atafute matatu. Alilala juu ya ndizi. Mikungu miwili haikuenea, nikaipanga mbele, mmoja miguuni mwa mzee na mwingine mapajani mwake, utomvu ukiingia kwenye suti. Aliushika mkungu ule kwa mikono miwili mpaka tunafika. Hakunitazama, na sikumtazama.

Nyumbani watu walikuwa wamekusanyika kungoja hukumu. Niliegesha katikati yao, nikazima injini, nikautia ufunguo kifuani. Mzee alikuwa bado anahangaika na mkungu wake, hajafungua mdomo, wakati shemeji alipojitoa nyuma, akaja dirishani kwangu, akanyoosha mkono kupokea ufunguo kana kwamba jambo lilikwisha amuliwa. Nilishuka. Niliuchukua mkungu kutoka mapajani kwa mzee, nikauweka juu ya mkono ule uliokuwa umenyooshwa, nikamwambia awapelekee wake zake, kisha arudi asaidie kushusha.