Kiapo Alichokataa Mbithe

Nilitoka Kangundo Alhamisi asubuhi kwa sababu dada yangu mdogo, Mbithe, alinipigia simu akasema, "Wamekataa kuchimba," kisha akakata. Mumewe, Nzioka, mchongaji wa vinyago huko Wamunyu, alikuwa amefariki wiki iliyotangulia baada ya kuteswa na figo miaka minne. Kilichokataliwa kuchimbwa ni kaburi lake.

Saa nne nilibadilisha gari Machakos mjini. Baada ya kupita Masii, mashamba yalikuwa makavu, mahindi yamejikunja yakiwa bado mafupi. Mimi ni mzee wa kanisa, na njia nzima nilipanga maneno. Niliamini nikifika tu, nikiongea vizuri, mambo yatanyooka.

Wamunyu nilifika saa saba. Wachongaji wenzake Nzioka walinisalimia huku wakitazama vipande vyao vya mbao. Nikapanda boda boda hadi kwa dada yangu. Sebuleni nilimkuta Kilonzo, kaka mkubwa wa marehemu, amejinyoosha kwenye kiti kama mwenye nyumba.

"Shemeji, hatuna ugomvi," akaniambia. "Watu wanasema huyu mama alimwekea ndugu yetu kitu kwa chakula. Aape kwa kithitu, yaishe. Akikataa, hakuna mtu wa ukoo atashika jembe."

Kithitu ni kiapo cha kale. Husemwa kwamba anayeapa uongo hufa, na jamaa zake wakamfuata.

"Na hospitali ilisema nini?"

"Hospitali haijui mambo ya hii boma."

Kwa miaka minne Mbithe alikuwa akimpeleka mumewe Machakos kusafishwa damu, mara mbili kwa wiki. Kilonzo hakumsindikiza hata siku moja. Leo ndiye hakimu!

Ijumaa alasiri alikuja mchungaji wao, nami nikashusha pumzi. Aliletewa chai, akaikoroga kwa muda mrefu, kisha akamwambia dada yangu, "Mama Mwende, Mungu anaangalia moyo. Apa tu, na Jumapili tutakuombea." Mtu aliyembatiza! Nilitaka kumwambia aondoke na Biblia yake.

Sikumwambia. Nilimfuata dada yangu jikoni, alikokuwa akichambua maharagwe ya wageni, na nikasema yaleyale.

"Mbithe, apa tuzike. Ni maneno tu."

Hakuinua macho. "Kama ni maneno tu, mbona wanayataka hivyo? Mimi nimeshamwambia Mungu ukweli. Nikiapa kwa hicho kitu, ni kama nasema hakunisikia." Akatupa jiwe alilolitoa kwenye maharagwe. "Kama umechoka, rudi nyumbani kwako."

Jumamosi, kabla jua halijachomoza, niliamshwa na mlio wa majembe. Wanawake saba wa kanisa lake walikuwa nyuma ya nyumba wakichimba, Mbithe akiwa kati yao, sketi imefungwa magotini. Hapo hakuna aliyewahi kuona wanawake wakichimba kaburi. Kilonzo alitoka mbio.

"Hiyo ni laana! Tokeni!"

Mama mmoja mzee akamjibu kutoka shimoni, "Basi shuka uchimbe wewe."

Kilonzo hakushuka. Nilivua koti nikashuka mimi, na udongo ule mgumu ulinichubua viganja hadi damu. Saa tano, kaburi likiwa tayari, mchungaji alifika na joho lake, akitaka kuongoza maombi. Mbithe alimwonyesha kiti miongoni mwa wageni. Yule mama mzee ndiye aliyeomba, mikono bado ina udongo, na tukamzika Nzioka.

Siwezi kuwaambia kwamba ukoo ulilainika. Jioni hiyohiyo Kilonzo alijenga ua wa miti katikati ya shamba la dada yangu. Kesi iko kwa chifu sasa. Majirani hawamsalimii Mbithe, na wale wanawake hupokezana kwenda naye kuchota maji.

Jumapili nilirudi Kangundo, ibada ikiwa haijaisha. Nikaitwa mbele nitoe shukrani kwa safari njema. Nilikuwa nimeona kwamba miaka yangu yote nilikuwa Mkristo mahali ambapo Ukristo haukunigombanisha na mtu. Niliwaambia hivyo. Kisha nikawaambia kwamba nilimshauri dada yangu aikane imani yake ili nizike haraka nirudi nyumbani. Mzee mwenzangu alinivuta shati niketi.

Sikuketi.