Mahindi ya Mwisho ya Mama

Juzi tulipomzika mama hapa Gehandu, mvua ilidondokea udongo mkavu, na harufu ile ikanirudisha kwenye mchana mmoja wa ukame.

Mama alikuwa akipanda mahindi ya mwisho tuliyobaki nayo, kwenye vumbi tupu. Jirani yetu, Mama Safari, alisimama kwenye uzio akicheka.

"Mama Paulina, unalisha panya?"

"Napanda, dada. Mungu hajalisahau shamba hili."

Mimi nilidhani anazika chakula chetu. Nikamfuata nyuma kimyakimya, nikifukua kila punje na kuificha kwenye gauni, ili jioni tukaange.

Alipogeuka, aliliona gauni limejaa. Nikangoja kofi. Mara ngurumo ikasikika upande wa mlimani, na matone mazito yakaanza kudondoka.

"Paulina, rudisha! Rudisha upesi!"

Mvua ikamwagika. Tulikimbia mstari kwa mstari, tukizama matopeni, tukifukia punje kwa vidole. Mama alicheka kwa sauti mpaka Mama Safari akaruka uzio kuja kutusaidia.

Miaka yote niliamini mama alijua mvua inakuja. Alipokuwa mgonjwa ndipo aliponiambia hakujua. Siku ile aliogopa kuiona njaa usoni mwangu, akatazama jembe, akaendelea kupanda.